Sakafu Inayong'aa

Sehemu ya Saba

Mkono uliompokonya Bibi Afya bahasha haukuwa wa polisi, haukuwa wa mwizi, wala haukuwa wa ndugu Clemence wa karakana kama wengi wenu mlivyoniandikia. Barua zenu nimezisoma zote. Mmekosa!

Ulikuwa mkono wa dada yake wa tumbo moja, Yudith.

Na wewe uliyefungia vitumbua gazeti la wiki jana, shauri yako. Lakini nina huruma, nitakukumbusha. Tuko Same, mwaka sabini na tano. Asnath ndiye Bibi Afya wa mji. Mtoto wa dada yake, Eliezeri, ana miaka mitatu, na amelazwa hospitali mara nne kwa tumbo la kukata na degedege. Mara tatu amepata nafuu, mara tatu karudishwa nyumbani, mara tatu kaletwa tena amekakamaa kama ubao. Daktari Fanueli ameshaujua ugonjwa. Ni sumu ya risasi, yale madini mazito ya kijivu ambayo mafundi wa karakana huyayeyusha kutoka kwenye betri mbovu za magari. Asilolijua ni sumu hiyo inamfikiaje mtoto ambaye hajawahi kukanyaga karakana.

Ndiyo maana Asnath alijaza udongo na vumbi kwenye makopo matano ya maziwa, akayapeleka kwa treni maabara ya Dar es Salaam. Majibu yamekuja. Saa tatu asubuhi, barazani pa hospitali, amepasua bahasha, hajasoma hata mstari mmoja, ikachomolewa mkononi.

"Nirudishie, dada."

"Mwanangu ndiye anayekufa. Nasoma mimi kwanza."

Yudith alijua kusoma kwa jasho lake, kwenye madarasa ya ngumbaro, kwa hiyo alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Kopo la kwanza, udongo wa lango la karakana. Risasi ipo, nyingi." Aliinua macho. "Si nilisema? Si nilisema ni Clemence na moshi wake?"

"Endelea."

"La pili, tope la kisima, hakuna ya kutisha. La tatu, masizi ya sufuria, hakuna. La nne, udongo wa uani kwangu, ipo kiasi. La tano..."

Akaurudia mstari ule kwa kidole.

"La tano, dada?"

"Hili la tano ulichota wapi?"

"Chini ya kitanda cha Eliezeri. Siku ile ulipokuwa umekwenda kisimani."

"Wameandika ni mara nne ya lango la karakana."

Haya, mnaona mambo hayo? Watu wameshalitazama lile lango miezi miwili kwa jicho baya, wanawake wanavuka barabara wasipite karibu nalo, kumbe sumu imelala chini ya kitanda cha mtoto!

Yudith aliikunja karatasi ikawa ndogo sana. Kisha akamgeukia mdogo wake, na sauti yake ikasikika mpaka kwenye foleni ya dawa.

"Unataka kusema namlisha mwanangu sumu?"

"Sijasema hivyo."

"Umeingia nyumbani kwangu mimi sipo, ukafagia chini ya kitanda kama polisi, ukapeleka uchafu wangu Dar es Salaam! Nyumba yangu ndiyo safi kuliko zote mtaani, kila mtu anajua. Wewe mwenyewe ulinisifu mbele ya watu!"

"Nilikusifu, dada. Na bado ni safi. Lakini kuna kitu kinaingia."

"Kitu gani?"

Asnath, mtu aliyesomea afya miaka mitatu, akasimama pale kama mwanafunzi aliyesahau somo.

Mlango wa wodi ukafunguliwa. Daktari Fanueli alitoka akifuta miwani kwa ncha ya koti. Alikuwa hajalala siku mbili.

"Mmegombana vya kutosha? Nisikilizeni. Jioni hii Eliezeri anatoka."

"Anatoka!" Asnath alishtuka. "Daktari, hajamaliza hata wiki."

"Wodi imejaa surua, Asnath. Watoto watatu kitanda kimoja. Huyu hana nguvu hata ya kukohoa, surua ikimpata atakwisha kwa siku mbili. Saa kumi jioni nataka awe nje ya milango hii." Akashusha sauti. "Na jambo la pili. Dawa ile ya kutoa sumu mwilini, iliyokuja kutoka Moshi, ilikuwa sindano sita. Zote sita zimo mwilini mwake. Ya saba haipo, na sijui itakuja lini. Mara ya kwanza alikaa nyumbani wiki mbili kabla hajaanguka. Mara ya pili siku nane. Mara ya tatu siku tatu tu. Akishikwa na degedege la nne, mimi sitakuwa na la kufanya."

Yudith alijishika kifua. Hasira ikamwisha, akabaki mama tu.

"Sasa nimpeleke wapi mwanangu?"

"Si kwako," Asnath alisema. "Dada, nakuomba kwa jina la Mungu. Mpeleke kokote, lakini nyumbani kwako asikanyage mpaka nijue ni nini."

Yudith aliitupa karatasi miguuni pa mdogo wake, akaingia wodini.

Asnath aliiokota. Aliitia mfukoni akashika njia ya karakana karibu akimbie.

*

Karakana ya Ushirika Nguvu Moja ilikuwa fahari ya mji. Wageni wa kutoka mikoani waliletwa pale waone kujitegemea kwa macho. Betri za mabasi na malori zilizokufa zilipasuliwa, risasi yake ikayeyushwa kwenye karai juu ya tanuru, ikamiminwa kwenye vibati, ikawa chubwi, vile vizito vinavyozamisha nyavu. Wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu hawakutaka chubwi nyingine yoyote. Na mkuu wa kazi hiyo alikuwa ndugu Clemence, mtu wa Kigoma aliyeletwa Upareni na kazi ya mkonge zamani zile, akaoa, akabaki.

"Shikamoo, ndugu Clemence."

"Marahaba, Bibi Afya! Leo umekuja na makopo mangapi?"

Mafundi wakacheka. Asnath hakucheka.

"Leo nimekuja na majibu. Lango lako lina sumu. Naomba uzime moto."

Kicheko kikakatika. Clemence aliweka chini upawa aliokuwa akiengulia uchafu juu ya risasi. Aliuweka kwa mkono wa kushoto, na hilo likumbukeni dakika moja tu.

"Nizime moto? Karakana ya wananchi, izimwe kwa karatasi?"

"Moshi wako unaingia kwenye nyumba za watu."

"Aaa, moshi!" Clemence aliwageukia mafundi. "Mnamsikia mtoto huyu? Moshi wangu una macho! Unaruka nyumba ya mama Mwanakheri, tuliyepakana naye ukuta kwa ukuta, unakwenda kumtafuta mtoto wa dada yake nyumba ya nane! Mwanakheri ana watoto wanne. Nitajie mmoja aliyeugua."

Asnath aligeuka akatazama nje. Ni kweli! Watoto wa Mwanakheri walikuwa wanene, wanapiga mpira wa matambara kutwa nje ya ukuta ule ule. Mbona hakuliona hilo? Miezi miwili anapima, anaandika, anazunguka na makopo, na jambo lililokaa wazi hivyo lilimpita.

Clemence aliona ameyumba, akazidi kupanda. Aliinama akachota vumbi la kijivu chini ya tanuru, akalitia ulimini mbele ya watu wote.

"Hii ndiyo sumu yako? Mwaka wa tano huu naila na kuipumua. Mbona sijafa?"

Mafundi wakashangilia. Mmoja akapiga karai kwa nyundo.

Asnath alimtazama yule mzee. Alitazama mkono wa kulia, ambao tangu aingie ulikuwa umefichwa mfukoni.

"Ndugu Clemence, nyoosha mikono mbele."

"Ya nini?"

"Kama hakuna sumu, unaogopa nini? Nyoosha yote miwili, viganja vitazame chini."

Akanyoosha, kwa kiburi.

"Sasa inua viganja, kama unasimamisha basi."

Kiganja cha kushoto kiliinuka. Cha kulia hakikuinuka. Kilining'inia pale kwenye kifundo, vidole vikitazama ardhi, na mzee wa watu akikaza mpaka mishipa ya shingo inamtoka, kiganja hakisogei hata unywele.

Fundi aliyeshika nyundo akaiweka chini.

"Tangu lini?" Asnath aliuliza kwa upole.

"Tangu Pasaka." Sauti ya Clemence ilikuwa ndogo. "Nilidhani ni baridi yabisi. Sijamwambia hata mke wangu. Kijiko nashika kwa kushoto, nikiulizwa nasema nimezoea."

"Na tumbo?"

"Tumbo linanikata usiku kucha."

Mimi niliyewasimulia ubishi wa mtu huyu majuma sita nilitegemea atapigana. Hakupigana. Alitazama ule mkono wake uliomiminia risasi mji mzima, akasema, "Vijana, zimeni moto. Tokeni nje, mkaoge." Kisha akamwambia Asnath, "Mimi nimekwisha, sawa. Nimeishika kwa mikono. Lakini mtoto wa Yudith hajaishika. Hilo la Mwanakheri hujanijibu."

"Sijakujibu," Asnath alikubali. "Nakwenda kwake sasa hivi."

*

Mama Mwanakheri alikuwa balozi wa nyumba kumi, na mumewe alifanya kazi reli. Alikuwa anapiga deki.

"Hodi! Shikamoo, mama balozi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, lakini vua viatu, sakafu haijakauka."

Asnath alivua. Miguu yake ikagusa baridi ya saruji iliyoloa. Akasimama pale pale mlangoni.

"Mama, una saruji."

"Mume wangu aliimwaga mwaka wa Azimio la Arusha. Kwani leo ndiyo unaiona?"

"Na unaipiga deki kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Vumbi la hapo kwa Clemence utalifanyaje? Nafuta na tambara la maji, namwaga nje." Mwanakheri alikamua tambara. "Saruji nzuri kwa hilo. Masikini wenzangu wenye sakafu ya udongo hawawezi kumwaga maji, wao ni kufagia na kusiliba kwa samadi tu. Kila Jumamosi utawaona wamepanga foleni kwa Clemence na madebe yao."

"Foleni ya nini?"

"Ya majivu."

Asnath aliketi juu ya kiti bila kukaribishwa. "Majivu gani, mama? Clemence anapikia mkaa, mkaa hauna majivu ya kujaza debe."

"Si ya mkaa. Yale wanayoyaengua juu ya risasi ikichemka. Yamelundikwa nyuma kule kama kichuguu. Mazito, ya kijivu, yanang'aa. Clemence anawapa bure, anasema ndiyo ujamaa wenyewe. Wanachanganya na samadi, wanasiliba, sakafu inakuwa ngumu na inametameta. Basi ni kushindana! Ya dada yako Yudith ndiyo inaongoza, ukiingia unaweza kujiona uso."

"Mungu wangu." Asnath alisimama tena. "Nani aliyewafundisha wanawake hawa upuuzi huo? Nitajie jina lake, mama. Wewe ni balozi, lazima unamjua. Nitamfikisha mbele ya mkuu wa wilaya leo hii!"

Mwanakheri aliacha tambara. Akamtazama sana.

"Mwanangu, unanitania?"

"Sikutanii."

"Si wewe?"

Loo! Msomaji, shika kiti.

"Si wewe," Mwanakheri aliendelea, taratibu, kama mtu anayepita kwenye utelezi, "mwaka juzi, kampeni ya funza? Ulitukusanya pale uwanja wa kliniki. Ukachora funza mkubwa ubaoni, watoto wakalia. Ukasema majivu yanaua funza, silibeni kwa samadi na majivu kila Jumamosi, na nyumba itakayong'aa itapewa zawadi. Yudith akakuuliza, majivu mengi hivyo tutayapata wapi sisi wa mjini? Ukamwambia, majivu ni majivu, mjanja hakosi."

Asnath alikumbuka. Alikumbuka hata gauni alilovaa siku ile.

Alikulia milimani, Vudee, ambako kuni huwaka tangu alfajiri na majivu ni kitu cha kuchota na kumwaga mgombani. Kila mama alisilibia majivu ya mekoni, na funza hawakuwapo. Aliposhuka Same na cheti chake alifundisha kile alichokiona kwa mama yake. Hakufikiria kwamba watu wa tambarare wananunua mkaa kwa debe, na majivu yao hayajazi hata kikombe, yote yanakwenda kusugulia sufuria. Wanawake wale walimtii. Walitafuta majivu, wakayapata mahali pekee yalipokuwa yamelundikana.

"Nyumba ngapi, mama?"

"Wanaosiliba? Kumi zangu, saba. Kumi za jirani sijui. Hata kijiji cha Kisiwani nasikia wanabeba kwa baiskeli."

Asnath aliweka kichwa juu ya meza akalia. Hakulia kwa adabu. Alilia kwa sauti mpaka watoto wanne wa Mwanakheri wakaacha mpira wakaja kuchungulia dirishani.

"Nimewaua, mama. Nimewaua mimi."

"Hebu nyamaza!" Mwanakheri alimshika bega, akalitikisa. "Utalia baadaye, nitalia na wewe. Una uhakika ndiyo yenyewe? Maana mimi nikisimama kuwaambia wanawake sakafu zao ni sumu, nataka nionyeshe."

Hapo Asnath alijifuta uso kwa kiganja. Mwanakheri huyo nampenda mimi, sijui ninyi.

*

Mlango wa Yudith haukuwa na kufuli, ni komeo tu. Ndani palikuwa pametulia, na jua la mchana liliingia dirishani likaangukia sakafu. Iling'aa kweli. Ilikuwa sakafu nzuri kuliko zote alizowahi kuona Bibi Afya, na siku zote alipoingia humu alijisikia fahari.

Alichukua kisu cha mboga akapiga magoti karibu na mlango, akachimbua kipande cha ukubwa wa kiganja. Akakipeleka kwenye mwanga.

"Tazama, mama."

Kilikuwa na tabaka, moja juu ya moja, nyembamba kama chapati. Kila Jumamosi ilikuwa imelala pale na majivu yake. Asnath alikisugua kwa kidole, na kidole kikatoka cha kijivu, chenye vumbi laini linalokataa kung'utika.

"Wakifagia, hili linapanda," alisema. "Linatua kwenye chakula, kwenye maji, kwenye godoro. Wakubwa wanakohoa tu. Mtoto anacheza juu yake."

Mwanakheri alikuwa ameinama kwenye pembe, penye mguu wa kitanda cha Eliezeri. Hakuinuka.

"Asnath, njoo uone."

Pale pembeni sakafu ilikuwa imekwanguliwa. Kulikuwa na mifereji midogo, mingi, mifupi, ya vidole vya mtoto mdogo. Mingine ilikuwa ya zamani, imesilibwa juu ikakwanguliwa tena.

"Anakula," Asnath alinong'ona.

"Nilimwona." Mwanakheri alijiziba mdomo kwa upande wa kanga. "Nilimwona mwezi uliopita, anakwangua anaramba kidole, nikamuuliza, wewe, unakula nini? Akaniambia, tamu. Nikacheka. Mtoto gani hali udongo? Mama yake wakati wa mimba yake alikula udongo kilo na kilo. Ya Rabi, nilicheka!"

Asnath alikifunga kile kipande kwenye leso. Sasa alikuwa na jibu, na mtoto alikuwa bado hospitali, saa kumi haijafika. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alihisi anaweza kupumua. Atamwambia Yudith mwenyewe, atapiga magoti, atapigwa makofi ikibidi. Kisha Eliezeri atalala kwa Mwanakheri, kwenye saruji inayopigwa deki, na hatapata hata chembe nyingine.

"Mama, utampokea?"

"Swali gani hilo? Twende tukamchukue."

*

Walifika hospitali saa nane kasoro, Mwanakheri akihema, viatu mkononi.

Kitanda cha Eliezeri kilikuwa na watoto wawili wa surua.

"Daktari! Eliezeri yuko wapi?"

Fanueli aliinua kichwa kutoka kwenye sindano aliyokuwa anachemsha. Alikuwa na sura ya mtu aliyefanya angalau jambo moja jema siku hiyo.

"Ameshaondoka. Dada yako aliomba nimpe ruhusa mapema. Nilimuuliza vizuri anakompeleka, nikamwandikia. Usiwe na wasiwasi, hajamrudisha kwake. Alisema, Asnath amekataa kwangu, basi nampeleka kwa mama yetu, Vudee."

Vudee!

Asnath akacheka, machozi yakimtoka. Kwa mama! Juu kule kwenye baridi na maziwa, ambako betri moja hakuna, gari lenyewe linapita mara moja kwa siku. Angekuwa yeye asingechagua vizuri zaidi. Yudith, pamoja na hasira zake zote, alikuwa amesikia.

"Ahsante, Mungu," alisema. "Ahsante. Mama Mwanakheri, umesikia? Yuko kwa mama."

Mwanakheri hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya wodi, viatu vimemdondoka.

"Asnath," aliita. Hakusema mwanangu, hakusema Bibi Afya.

"Abee, mama."

"Jumamosi iliyopita, Eliezeri alipokuwa amelazwa, nilimsaidia Yudith kubeba gunia mpaka stendi. Tulilipakia kwenye basi la Vudee."

"Gunia la nini?"

"Mama yenu aliagiza majivu yale ya Clemence. Funza wamezidi kule mwaka huu, na alikuwa amesikia habari za sakafu ya Yudith. Alisema mjukuu akitoka hospitali aende akapumzike kwake, na kabla hajafika atamsilibia chumba upya, chote, asikose raha aliyoizoea kwao."

Mtoto mmoja wa surua alikohoa.

"Hata wiki haijatimia," Asnath alisema. "Haijashikana vizuri hata kidogo. Itakuwa inatimka kwa kila hatua."

"Basi liliondoka saa ngapi?" Fanueli aliuliza.

"Saa saba," alijibu Mwanakheri. "Sasa hivi litakuwa limekwishapita kijiji cha Mwembe."

"Gari la hospitali limekwenda Kisiwani na chanjo. Halirudi leo. Na simu kule hakuna." Fanueli alivua miwani. Mikono yake haikujua pa kuiweka. "Mimi ndiye niliyemwandikia ruhusa."

"Na mimi ndiye niliyemkataza kwake," Asnath alisema. "Daktari, niambie kweli. Akipata kidogo tu? Usiku mmoja?"

"Mwili wake umejaa, Asnath. Mara ya mwisho zilimtosha siku tatu. Safari hii usiku mmoja unaweza kumtosha."

Asnath alijifunga kanga kiunoni. Alivua viatu vyake vya kisigino akaviacha pale chini, akachukua leso yenye kile kipande cha sakafu, maana mama yake ni mtu wa kubisha na angetaka kuona. Mwanakheri alimwekea mkononi kibuyu cha maji cha mgonjwa mmoja bila kuomba ruhusa ya mtu.

Walimfuata mpaka langoni. Mbele yao milima ilikuwa imesimama, na njia ya miguu ilionekana kama uzi mwekundu ukipanda na kupotea.

"Kwa miguu utafika saa ngapi?" Fanueli aliuliza.

"Saa mbili usiku, nikikimbia pale panapokimbilika."

"Na bibi yake humlaza saa ngapi?"

Asnath alikuwa ameshavuka barabara. Alijibu bila kugeuka.

"Jua likizama. Humlaza chini, kwenye mkeka, karibu na moto."